Gari Lilale Kwanza

Maji ya injini yana njia tatu tu za kutorokea. Yanaweza kuvuja nje, yakadondoka chini au yakakaukia juu ya chuma cha moto kabla hayajafika ardhini. Yanaweza kupenya ndani ya silinda, yakachomwa pamoja na dizeli na kutoka na moshi. Au yanaweza kuingia kwenye oili, yakaipausha na kuifanya nzito. Njia ya nne hakuna. Gari likianza kula maji, fundi anayeijua kazi yake huanzia hapo, na ufundi wake wote ni kuziondoa njia hizo moja baada ya nyingine hadi ibaki ile inayopitisha. Ni kazi isiyoonekana, kwa sababu sehemu yake kubwa ni kuuliza, kunusa, kusikiliza na kusubiri bila kushika spana. Mpita njia akimwona fundi amekalia tairi kuukuu, macho yake kwenye injini iliyozimwa, atadhani siku hiyo amekosa wateja.

Kwa hapa kwetu ufundi huu una makao yake Arusha, maana Arusha ndiko magari ya porini yanakotengenezwa upya. Land Cruiser inakatwa katikati na kuongezwa urefu ili kila mgeni apate kiti cha dirishani. Paa linaondolewa na kuwekwa lile la kunyanyuka. Chini zinafungwa springi nzito, mbele bampa la chuma, nyuma matairi mawili ya akiba. Injini inayoyabeba yote hayo mara nyingi ni 1HZ, dizeli ya silinda 6 na lita 4.2, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1990 bila tabo. Ni injini isiyo na haraka, na hicho ndicho kilichoifanya idumu. Madereva wa Serengeti wanaipenda, nami naipenda kwa jinsi inavyonguruma asubuhi ya baridi kabla haijapata moto. Lakini tumeipenda huku tukiitwisha kitu kipya kila msimu, na siku inapochemsha tunailaumu yenyewe.

Nina mazoea ya kukaa kwenye gereji moja ya mtaa wa Unga Limited, kwa mzee aliyetengeneza magari ya porini tangu ujana wake. Vijana wake wanamwita Mzee, basi, na madereva nao hivyo hivyo. Siku moja aliletewa Land Cruiser iliyorefushwa, yenye vumbi la Serengeti hadi kwenye kope za dereva. Tayari gereji nyingine ilikwisha kumwambia mwenye gari kwamba hedi imepasuka na anunue mpya. Mzee hakufungua boneti. Aliosha mikono, akamvutia dereva kigoda.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Linakula maji?"

"Linakula sana. Kutoka Seronera mpaka Karatu limekunywa lita mbili."

"Linachemsha mlimani au tambarare?"

"Mlimani, Mzee. Lakini likishapungukiwa maji, hata tambarare linapanda."

"Chupa ya akiba inafurika au inakauka?"

"Inakauka."

"Asubuhi ukiwasha, moshi wa rangi gani?"

Maswali yaliendelea hivyo kwa muda mrefu, na kila moja lilikuwa na kazi yake. Gari linalochemsha likienda taratibu kwenye mchanga au likisimama kuangalia simba, lakini likapoa likipata barabara nzuri, shida yake kwa kawaida ni hewa: feni haivuti, au kuna kitu kimekaa mbele ya rejeta. Gari linalokaa vizuri kwenye mwendo mdogo lakini likapanda joto kwenye mwendo wa kasi au mlima mrefu, shida yake aghalabu ni maji: rejeta imeziba ndani, pampu imelika mapanga yake, au thamostati haifunguki vya kutosha. Chupa ya akiba inayofurika inaelekeza kidole kwenye moshi unaoingia kwenye maji kutoka kwenye silinda. Chupa inayokauka inaelekeza kwingine. Haya yote dereva anayajua bila kujua kwamba anayajua, na fundi mzuri huutoa ushahidi huo kwake kwa upole, kwa kumheshimu. Nimewahi kuona mafundi wakimkatiza dereva sentensi ya kwanza. Wanadhani mashine ndiyo itawaambia, na dereva ni mtu wa kupokea bili tu.

Alipomaliza kuuliza, Mzee alisema neno ambalo nimelisikia kwake mara nyingi kuliko jingine lolote. "Liache hapa. Lilale kwanza."

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu usiku huo wa gari ndio moyo wa ufundi wenyewe, na ndio unaotutoka. Gari lililofika likiwa na moto halisemi kweli. Chuma kimepanuka na kuziba baadhi ya nyufa, hozi zote zimekaza, mvuke umejaa kila mahali. Ukifungua kifuniko cha rejeta saa hiyo utaungua, na hutaona kitu ila maji yanayoruka. Linapolala usiku kucha, kila kitu kinarudi mahali pake. Vyuma vinasinyaa. Maji yaliyoingia kwenye oili, kwa kuwa ni mazito kuliko oili, yanashuka na kukaa chini kabisa ya sampu. Maji yanayopenya kwenye silinda yanajikusanya juu ya pistoni, tone kwa tone. Na kiungo cha hozi ambacho kikiwa na moto hukaza barabara, alfajiri kinaweza kulegea na kuacha unyevu.

Mzee hufika kabla ya vijana, na amepiga marufuku mtu yeyote kuliwasha gari lililolala kabla yeye hajaligusa. Ananyanyua boneti taratibu. Kitu cha kwanza ni hozi ya juu ya rejeta. Anaiminya kwa vidole vinne na gumba, macho ameyaelekeza kando, kama mama anayepapasa paji la mtoto aliyeshinda na homa. Injini ni baridi kama usiku wenyewe, kwa hiyo hozi inapaswa kuwa laini. Ikiwa ngumu, basi kuna msukumo uliobaki ndani, na msukumo huo haukutokana na joto, maana joto halipo tena. Umetoka kwenye silinda. Moshi wa mwako umepita kwenye gasketi au kwenye ufa wa hedi, ukajificha kwenye maji na kulala humo hadi asubuhi. Kuminya huko hakuchukui hata dakika moja, lakini hakuwezekani bila usiku mzima kutangulia.

Kisha anafungua kifuniko, sikio karibu, asikie kama kinapumua. Anaangalia maji yameshuka kiasi gani na yana rangi gani. Anachomoa kijiti cha kupimia oili, anakipangusa, anakirudisha, anakitoa tena na kukitazama kwenye mwanga. Halafu analala chini ya gari na kulegeza nati ya sampu kwa mizunguko michache tu, sufuria ikiwa chini, ili lile tone la kwanza litoke polepole. Kama kuna maji, yatatangulia, kwa sababu usiku yalishuka kabla ya wote. Kama linatoka tone jeusi la oili safi, nati inakazwa na njia moja kati ya tatu imefungwa. Gari likishukiwa kuvujia ndani ya silinda, anawaambia vijana wang'oe hita plagi zote sita na kuizungusha injini kwa stata, kisha wote wanasimama pembeni kuona ni tundu lipi litakalotema ukungu. Nimeona tundu la tano likitema, na vijana wakanyamaza kwa heshima.

Mwisho, anajaza rejeta hadi ukingoni, anaacha kifuniko wazi, ndipo anaruhusu gari kuwashwa. Mapovu machache ya mwanzo hayamshughulishi. Ni hewa iliyonaswa kwenye hita na kwenye pembe za bloku, na itakwisha. Anasubiri. Mapovu ya moshi hayaishi, na ukikanyaga mafuta yanaongezeka. Anacho pia kile kichupa chenye maji ya buluu yanayogeuka kuwa ya njano yakikutana na hewa chafu ya mwako, na anakitumia, lakini anawaambia vijana kwamba dizeli ikiwa sailensa, mguu haujagusa mafuta, huvuta hewa nyingi kupita kiasi, kwa hiyo rangi huchelewa kubadilika, na aliyeangalia dakika moja atatoka na jibu lisilo sahihi.

Kwenye gari lile hozi ilikuwa laini. Oili ilikuwa safi. Mapovu yalikwisha. "Hedi haina kosa," Mzee alisema, na mwenye gari, ambaye alikwisha kukopa fedha za hedi mpya, alikaa chini. Ikabaki njia ya nje peke yake, ingawa hakuna aliyekuwa ameona tone hata moja chini ya gari. Mzee alifunga pampu ya mkono kwenye shingo ya rejeta, akapampu hadi msukumo ule ule ambao kifuniko kinaubeba, akaiacha. Mshale ulishuka, lakini polepole mno. Alichukua tochi, akaingia chini, akakaa huko muda ambao wengine wangeshapata chai mara mbili.

Gari hilo liliagizwa kutoka Japani likiwa limeshatumika, na kwa kuwa kule kuna majira ya baridi kali, lilikuja na hita ya pili ya abiria wa nyuma. Mabomba mawili membamba huipelekea maji ya moto kwa kupita chini ya sakafu. Gari lilipokatwa na kurefushwa, mabomba hayo yalikuwa mafupi, na aliyelirefusha aliyaunga kwa kipande cha hozi na klipu mbili. Tochi ilipofika hapo Mzee aliita. Kwenye kiungo kulikuwa na ukoko mwembamba wa rangi ya waridi, chumvi ya kulanti iliyokauka, safu juu ya safu, na chini yake, inchi chache tu, lilipita bomba la moshi. Kila tone lililoanguka liligeuka mvuke papo hapo. Barabara ilibaki kavu, gereji ilibaki kavu, na maji yalikuwa yakiondoka angani kilomita kwa kilomita kuvuka Serengeti nzima. Ukoko ule ulikuwa na upana wa ukucha. Mafundi waliomtangulia walitazama injini peke yake, kwa sababu mtu akisikia gari linachemsha hutazama injini. Mzee alitazama mahali ambapo gari lilikuwa limebadilishwa.

Hilo ndilo ninalolipenda zaidi katika kazi yake. Gari lililobadilishwa halina kitabu. Kitabu cha kiwandani kinaeleza gari lililotoka kiwandani, na hili halipo tena; lilikwisha kwenye msumeno. Fundi inabidi alisome kila gari upya, aulize nani aliligusa, aliongeza nini, na kile alichoongeza kilichukua nafasi ya nini. Bampa la chuma na winchi na taa nne kubwa mbele ya rejeta vinazuia upepo. Ukinyanyua bodi juu ya chesisi, rejeta inapanda nayo lakini feni inabaki chini na injini, na sasa mapanga ya feni yanakwaruza kava lake. Fundi wa haraka analikata kava na kulitupa, na kuanzia siku hiyo feni inavuta hewa kutoka pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta. Matairi makubwa yasiyoendana na difu yanailazimisha injini kukokota kwa shida kwenye kila mlima. Kila moja kati ya hivi ni kitu kidogo, na gari linaweza kukivumilia. Vikikutana vitatu kwenye mlima mmoja, mwezi wa Oktoba, gari likiwa limejaa, ndipo mshale unapopanda.

Halafu kuna nyasi. Msimu wa nyasi ndefu, mbegu huingia mbele na kujishindilia kati ya kondensa ya AC na rejeta, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa mbele rejeta inaonekana safi. Ukizitenganisha unakuta blanketi. Madereva wa zamani walifunga wavu mbele ya gari na kuukung'uta kila kituo, na jioni walipuliza rejeta kutoka nyuma kwenda mbele, kwa upole, ili mapezi yake laini yasilale. Siku hizi naona vijana wakiielekezea rejeta mashine ya kuoshea yenye nguvu zote, kutoka mbele, wakizisukuma mbegu ndani zaidi na kuyakunja mapezi kwa mkono wao wenyewe.

Na tabo. Sitaki kusema tabo ni dhambi, maana mlima wa kutoka Mto wa Mbu ni mrefu, na dereva aliyebaki nyuma ya lori anastahili kuhurumiwa. Lakini 1HZ ina vyumba vidogo vya mwako wa awali ndani ya hedi yake, na hedi hiyo haikuandaliwa kwa moto wa tabo. Ukiongeza hewa, kisha ukaongeza dizeli ili moshi mweusi uonekane na nguvu isikike, joto la gesi linapanda hadi chuma kilicho katikati ya valvu na chumba kile kinachoka na kupasuka. Ufa wa aina hiyo unaweza kuwa mdogo kiasi cha kufunguka ukiwa na moto tu na kujifunga ukipoa. Mzee akifunga tabo, anafunga na geji ya joto la moshi kwenye ekzosi, na anamwonyesha dereva mahali pa kuinua mguu, chini ya nyuzi 700. Wateja wengi huikataa geji hiyo kwa sababu ya bei. Tabo wanailipia bila kuuliza.

Kuna kitu kidogo kinachonisikitisha kuliko tabo, nacho ni kifuniko cha rejeta. Watu wanadhani ni kizibo. Kwa kweli ni valvu yenye springi, na juu yake pameandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1, yaani msukumo kinaoushikilia. Ukingo wa Ngorongoro uko mita zipatazo 2,300 juu ya bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Kifuniko kizima cha 0.9 kinayafanya yasichemke hadi karibu nyuzi 115. Injini ya kawaida hufanya kazi kwenye nyuzi 80 na kitu, ikipanda mlima hufika 90 na zaidi. Sasa fikiria gari lenye kifuniko ambacho raba yake imekauka: limepanda kutoka Mto wa Mbu, zaidi ya mita 1,000 za mwinuko, likafika ukingoni maji yakiwa na nyuzi 95, na yanachemka. Injini haina ugonjwa wowote. Arusha mjini lingemaliza wiki bila kuonyesha dalili. Nimeona gari likishushwa hedi kwa sababu ya raba ya kifuniko, na hedi ikikutwa imenyooka.

Mshale wa deshibodi nao haufai kuaminiwa peke yake. Magari mengi ya miaka hii yametengenezwa ili mshale usimame katikati hata joto likicheza, dereva asiingiwe na wasiwasi, na unapoanza kupanda muda umeshapita. Tena, maji yakiisha kabisa, kihisio kinabaki kwenye hewa tupu, na mshale unaweza kushuka. Dereva anashukuru Mungu kwamba gari limepoa, kumbe injini inaungua. Mzee anawafundisha madereva kushika hita: ukiiwasha na ikatoa upepo wa baridi huku mshale ukisema moto, simama hapo hapo, maji hayapo.

Ufundi huu ulikujaje kwetu? Sehemu yake ilikuja na Land Rover za enzi ya ukoloni na mifuko ya turubai iliyoning'inizwa mbele ya bampa, ikitoa jasho na kuyapoza maji ya safari. Sehemu ilikuja na mafundi Makalasinga, ambao gereji zao zilikuwa shule kabla ya shule kuwepo. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya magari ya Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na katika matope yale jina lililobaki ni la Joginder Singh, aliyekulia kwenye gereji ya baba yake na akashinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Watu wanakumbuka kasi yake. Mafundi wazee wanakumbuka kwamba alijua kulisikiliza gari na kulifikisha zima. Baadaye, mwaka 1989, Wakenya walianzisha mashindano ya Rhino Charge, ambayo fedha zake zilisaidia kujenga uzio wa milima ya Aberdare, wenye kilomita zipatazo 400, uliokamilika mwaka 2009. Kwenye mashindano hayo mshindi si aliyekimbia bali aliyepita umbali mfupi zaidi kati ya vituo, juu ya mawe na makorongo, kwa mwendo wa miguu, injini ikilia na upepo haupo. Ukitaka kumjua fundi wa maji, mpeleke huko: rejeta kubwa peke yake haitamwokoa asiyejua hewa inaingia wapi na kutokea wapi.

Nayataja haya kwa sababu sioni yakipokewa na walio wengi. Ushauri wa kwanza mtu anaoupata leo gari lake likichemsha ni "toa thamostati." Inatolewa na kutupwa kwenye mtaro, na gari linatolewa barabarani bila hiyo. Thamostati nyingi za Toyota zina sahani ya pili chini yake, ambayo injini ikipata moto huifunga ile njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na maji mengi hayafiki kwenye rejeta kabisa. Asubuhi injini inakaa baridi muda mrefu, inakula dizeli na kujisaga. Mchana mlimani inachemsha kuliko mwanzo. Ile kokwa ndogo inayochezacheza ukingoni mwa thamostati, ambayo Mzee huhakikisha imekaa juu kabisa ili hewa ipate pa kupita wakati wa kujaza maji, vijana wengi hawajawahi kuuliza ni ya nini.

Baada ya thamostati huja unga wa kuziba. Porini, usiku, na fisi wakilia, yai au pilipili ya unga ndani ya rejeta inayovuja ni busara, na yaliyowafikisha watu nyumbani sitayadharau. Lakini dawa ya porini imehamia mjini na kuwa tiba. Unga huo hauchagui. Unaziba tundu, kisha unaziba mirija ya rejeta na ya hita, na fundi anayekuja baadaye anakuta tope mahali ambapo angesoma rangi na harufu. Na maji yenyewe tunayachota popote, kisimani, mtoni, bomba la jirani, yakiwa na magadi na chumvi zake, wakati kulanti yenye kinga ya kutu inauzwa duka la mbele. Miaka michache, mirija imejaa ukoko mweupe, na tunanunua rejeta nyingine.

Huwa watu wanasema vijana wa leo ni wavivu. Nimekaa nao, na sikubali. Kijana wa mwisho wa Mzee alikuwa na mkono mzuri na sikio la kweli. Aliondoka kwenda kufunga taa na snokeli, kwa sababu kufunga taa kunalipwa siku hiyo hiyo na mteja anaona alicholipia. Nani atamlipa mtu kwa kusema hedi haina kosa? Yule mwenye gari lile aliokoa fedha za hedi nzima, na alipoletewa gharama ya kipande cha bomba, klipu na siku mbili za Mzee, alilalamika kwamba siku ya kwanza gari lilikaa tu.

Na sasa magari hayakai tena. Kuanzia Juni mpaka Oktoba gari linaingia kutoka porini saa tatu usiku, linaoshwa, linajazwa mafuta, na saa kumi na moja alfajiri linawashwa kwenda kupokea wageni wengine uwanja wa ndege wa KIA. Dereva akisema linakula maji, anapewa madumu mawili ya kubeba. Mzee anasema lilale kwanza, na ofisi inamwuliza kama hawezi kuliangalia hivyo hivyo likiwa na moto. Vijana walioingia gereji miaka hii wamefunga injini nyingi kuliko yeye alizofunga katika umri wao, na wapo ambao hawajawahi kuminya hozi ya gari lililolala, kwa sababu magari wanayoletewa hayajapoa tangu msimu uanze.